Niikate Simu ya Mezani Nihamie Intaneti? Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Hapa Tanga

Haipiti wiki bila mtu kuingia kwenye karakana yetu Ngamiani akiwa amebeba simu ya mezani, waya kauzungusha juu ya mkonga, na swali moja mdomoni: niikate laini hii nihamie intaneti, au niiache? Wengi ni wenye nyumba za zamani za Chumbageni na Raskazone, wenye gesti, wenye zahanati binafsi na wenye maduka ya jumla ambao namba yao ya 027 imeandikwa ukutani tangu enzi za baba zao. Hapa tumeyakusanya maswali yao pamoja na majibu tunayowapa. Msimamo wetu tunautaja mapema: usianze na bei. Anza na watu wanaokupigia.

Simu ya intaneti ni kitu gani hasa?

Sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, kwa kawaida hamsini kwa kila sekunde. Vipande hivyo vinasafiri kwenye njia ileile inayopita picha na barua pepe, kisha vinaungwa tena upande wa pili. Ndiyo hiyo.

Lakini dukani jina hilo linabeba vitu vitatu, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Kuna programu kama WhatsApp, ambayo inazungumza na mwenye WhatsApp mwenzake tu. Kuna huduma yenye namba kamili ya simu, ambayo mtu yeyote anaweza kuipigia kwa simu yoyote. Hii hutumia simu maalumu inayochomekwa kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, au adapta ndogo inayounganisha simu yako ya zamani. Halafu kuna ile simu ya mezani inayowekwa kadi ya laini kama simu ya mkononi. Hiyo ya tatu watu huiita ya intaneti, lakini si ya intaneti. Inapiga kupitia mnara, kama kitochi chako. Kabla hujalipa hata senti, muulize muuzaji anakuuzia ipi kati ya hizo tatu.

Kwa nini simu ya waya huita hata umeme ukikatika?

Swali hili tunalipenda, kwa sababu anayeelewa jibu lake anakuwa ameshaelewa nusu ya uamuzi wote.

Waya wa shaba unaoingia nyumbani kwako hauleti sauti peke yake. Unaleta na umeme. Kule kwenye kituo cha simu kuna betri kubwa zinazosukuma volti 48 za umeme wa moja kwa moja kwenye laini usiku na mchana, na simu inapoita volti hupanda hadi karibu 90. Fundi aliyewahi kushika waya mtupu wakati simu inaita anaujua mtetemo wake. Ndiyo maana usiku mtaa mzima ukiwa giza, simu ya bibi inalia kana kwamba hakuna kilichotokea. Anakula umeme wa kituo, wala hagusi LUKU yake.

Faiba, ule uzi wa kioo unaoleta intaneti nyumbani, haibebi umeme. Inabeba mwanga. Kwa hiyo ukihamia intaneti, kisanduku cha faiba, ruta na simu yenyewe vyote vinakuwa mzigo wa umeme wa nyumbani kwako. Umeme ukiondoka, simu inakufa hapo hapo katikati ya neno, hata kama mtandao wa mtaani bado uko hai.

Ninunue nini basi ili isizime?

Geuza chaja ya ruta yako usome maandishi yake madogo. Ikiandikwa 12V 1A, zidisha: hiyo ni wati 12 kwa kiwango cha juu. Fanya hivyo na kwa kisanduku cha faiba, ujumlishe. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo kila kitu kimekaa ndani ya kisanduku kimoja cha wati 12.

Betri ndogo ya asidi ya volti 12, ampea 7, ina nguvu ya wati 84 kwa saa moja. Ukiigawa kwa 12 unapata saa saba, na muuzaji atakutajia hizo saba. Usizihesabu. Betri ya asidi ukiikausha kila mara inakufa mapema, kwa hiyo itumie nusu tu: saa tatu na nusu. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule utaivuta hadi saa tano na kitu. Viko pia vikasha vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya ruta, unavichomeka kati ya chaja na ruta. Ni vizuri, ila hakikisha volti zake ni sawa na za ruta yako. Tumeshapokea ruta ya volti 9 iliyochomekwa volti 12, nayo ilikuwa inanuka.

Itakula bando kiasi gani?

Kidogo kuliko wengi wanavyohofia. Huduma nyingi za simu ya mezani ya intaneti hutumia mfumo wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde. Ukiongeza anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha sauti, unafika karibu 87 kila upande. Saa nzima ya maongezi ni MB 80 hivi, kwenda na kurudi. Upo na mfumo unaobana sauti zaidi, ambao saa nzima hauzidi MB 30 kwa kiasi kikubwa.

Kwa WhatsApp huna haja ya kukisia. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ufungue matumizi ya mtandao. Utaona simu zako zimekula kiasi gani. Hapo hapo kuna kitufe cha kupunguza data wakati wa simu.

Simu ya picha ni habari nyingine kabisa. Bando likiisha kabla ya mwezi, mtafute anayeangalia video kabla ya kuilaumu simu.

Ni rahisi kweli kuliko waya?

Kwa anayepiga sana nje ya nchi, mara nyingi ndiyo. Kwa anayepokea zaidi kuliko kupiga, mara nyingi hapana. Unajumlisha intaneti ya mwezi, betri inayobadilishwa kila baada ya miaka michache, adapta na ada ya namba, na mwishoni unakuta umelipia kitu ambacho ulikuwa unakipata kwa ada ya laini tu. Kama intaneti tayari unayo nyumbani na unailipia kwa sababu nyingine, hesabu inageuka. Fanya hesabu yako mwenyewe, kwa risiti zako mwenyewe za miezi mitatu.

Namba yangu ya 027 itabaki?

Hili ndilo linalotunyima usingizi kwa niaba ya wateja.

Namba ya 027 ni ya kanda: Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Kwa simu za mkononi, kuhama mtandao bila kubadili namba kulianza hapa nchini tarehe 1 Machi 2017. Watu husikia hivyo wakadhani haki hiyo inahusu kila namba. Ilianzishwa kwa ajili ya simu za mkononi. Kwa namba ya mezani usichukue neno la mdomo la mtu yeyote, hata letu. Omba jibu la maandishi kutoka kwa anayekupa laini sasa na kutoka kwa unayetaka kuhamia, kila mmoja peke yake. Ukiwa na laini ya TTCL, anza kwa kuwauliza wao kama wanaweza kukuwekea namba hiyohiyo juu ya faiba, maana waya na faiba vyote wanavyo.

Sisi hatukufanya hivyo. Tulipohamisha simu ya karakana tuliikata ya zamani siku ileile tuliyosaini ya mpya, na kampuni ya intaneti ikachukua siku tisa kuja kufunga. Siku tisa hizo namba iliyokuwa kwenye risiti zetu zote haikuita mahali popote. Mzee mmoja wa Pongwe, ambaye miaka yote tulimtengenezea simu yake, alifunga safari hadi Ngamiani kuja kuuliza kama tumefiwa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: namba ya mezani inaweza kusajiliwa WhatsApp Business. Badala ya ujumbe unachagua kupigiwa, simu inalia mezani, sauti inakusomea tarakimu sita, unaziandika. Wenye gesti wanaipenda sana huduma hii. Lakini ukiiachia namba hiyo, siku utakayobadilisha simu ya mkononi na WhatsApp ikataka kuthibitisha upya, itapiga kwenye namba ambayo si yako tena.

Nitajuaje kama mtandao wangu unatosha?

Kasi kubwa siyo jibu. Simu inahitaji kidogo sana, lakini inakihitaji kila wakati, bila kuruka. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti ichukue si zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni mwako hadi sikioni mwa mwenzako. Ukizidi hapo mnaanza kukatizana maneno na kuombana radhi.

Huhitaji chombo cha kupimia. Mpigie mtu kwa intaneti, mhesabu kwa kupokezana: wewe moja, yeye mbili, wewe tatu, yeye nne, hadi ishirini, haraka mnavyoweza. Mtandao mzuri unaendana na mdomo. Mbaya utakufanya usubiri kila namba, kama mtu anayerusha mpira kisimani. Fanya jaribio hilo saa nne asubuhi, kisha ulirudie saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. La usiku ndilo la kweli.

Intaneti ya setilaiti zile za juu kabisa, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, jaribio hili haiwezi kulishinda. Safari ya kupanda na kushuka peke yake inakaribia robo sekunde.

Sauti inakwamakwama, lakini kasi ni nzuri. Kwa nini?

Nyumba nyingi za zamani za Tanga zina kuta nene za mawe, na waifai haiupendi ukuta mnene hata kidogo. Simu ikiwa sebuleni na ruta chumbani nyuma ya kuta mbili, sauti itakwama hata ukilipia kifurushi kikubwa kuliko vyote. Vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au adapta. Ni kazi ya nusu siku na inamaliza matatizo mengi tunayoitiwa.

Sababu ya pili ni mtu kupandisha video au kuhifadhi picha zake mtandaoni wakati wewe unaongea. Kupandisha ndiko kunakobana sauti yako inayotoka: wewe unamsikia vizuri, yeye hakusikii. Ruta nyingi zina mpangilio wa kuipa sauti kipaumbele. Mwambie anayekufungia auwashe akiwa bado yupo hapo.

Laini yangu ya waya inakoroma. Si ndiyo dalili kuwa wakati wake umekwisha?

Pengine ni soketi tu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na shaba ikikaa na chumvi huota kutu ya kijani. Nyanyua mkonga, bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, kisha usikilize. Ukisikia mikwaruzo katika ule ukimya, kuna kiungo kibovu mahali. Fungua soketi ya ukutani uangalie zile skrubu. Mara nyingi tunakuta waya umekuwa kijani na umelegea; tunakata sentimita mbili za mwisho, tunamenya upya, tunakaza, na laini iliyokuwa inakaribia kutupwa inarudi kuongea kama mpya. Ikikoroma baada ya mvua za masika tu, basi maji yanaingia nje, kwenye nguzo au kwenye kisanduku cha mtaani, na hiyo ni kazi ya kampuni inayokupa laini.

Bibi yangu hawezi simu ya kugusa. Tutamwacha nyuma?

Msimwache, na msimbadilishie simu. Geuza kisanduku cha faiba uangalie nyuma yake. Vingi vina tundu dogo lililoandikwa TEL au PHONE, dogo kuliko yale ya waya wa mtandao. Mtoa huduma akiliwasha upande wake, simu ya bibi inachomekwa hapo moja kwa moja: mkonga uleule, mlio uleule, mahali palepale pembeni ya kitanda. Kama tundu hilo halipo, adapta inafanya kazi hiyo.

Tulimfungia bibi mmoja wa Makorora namna hiyo, wajukuu wakaenda zao. Wiki ile ile alituma mtoto atuite, maana simu yake imekuwa kimya mno. Tulipokwenda tukakuta kisanduku kimechomolewa, na pale kwenye swichi kumechomekwa pasi. Tangu siku hiyo kila tunapofunga tunabandika plasta nyeupe juu ya swichi na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: HII NI SIMU, USICHOMOE.

Nikipata dharura?

WhatsApp haipigi namba za dharura. Siyo 112, siyo 114 ya Zimamoto. Hata huduma yenye namba kamili, ipime kabla hujaitegemea: muulize mtoa huduma kama simu yako ya 112 inafika, na inafika kituo cha wapi. Tena kumbuka kuwa intaneti inaweza kuwa imezimika wakati uleule unapoihitaji. Nyumba yenye mgonjwa, mjamzito au mzee anayeishi peke yake iwe na simu ya kitochi yenye chaji na salio, ining'inizwe mahali pamoja ambapo kila mtu anapajua, hata gizani.

Ndugu zetu wako Dubai, Muscat, Mombasa na Uingereza. Itafaa?

Kwa Mombasa na Uingereza, vizuri sana. Kwa Dubai, jua kwamba simu za WhatsApp zimefungwa katika Falme za Kiarabu; ujumbe wa maandishi unapita, simu haipiti. Walioko huko hutumia programu zilizoruhusiwa na serikali yao, kama BOTIM. Kwa Muscat, mwulize ndugu yako programu ipi inapita kwake kabla hujajifunga na huduma yoyote.

Na ukisikia shangazi yako wa Uingereza naye analalamika kuhusu simu yake, msikilize vizuri. Kule mtandao wa zamani wa simu za waya unafungwa, na tarehe ya mwisho iliyowekwa ni Januari 2027. Wenyewe hawana hiari. Wewe bado unayo.

Mkongo wa baharini ukikatika?

Tulishaona. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, yaani nyaya nene zinazoleta intaneti kupitia chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora nchi nzima. Simu za kawaida za ndani ya nchi ziliendelea. Huduma za intaneti ambazo mitambo yake iko nje ndizo ziliyumba, hata kama wewe uko Mabawa na unayempigia yuko Duga. Kwa hiyo muulize muuzaji: mitambo yenu iko wapi? Akiwa nayo nchini, simu yako ya mtaa kwa mtaa haina haja ya kuvuka bahari.

Faksi na mashine ya kadi?

Faksi husumbua sana kwenye sauti iliyobanwa. Kama unaitumia kweli, acha laini moja ya waya. Mashine za kadi za siku hizi nyingi zina laini yake ya simu ndani, haziguswi. Zile za zamani za kuchomeka waya wa simu, iulize benki yako kwanza.

Kuna hatari ya wizi?

Ipo. Wezi hutafuta simu na adapta ambazo nywila yake bado ni ileile ya kiwandani, wanaingia usiku na kupiga namba ghali za nchi za mbali. Unaamka na deni. Badilisha nywila siku ya kwanza, na mwombe mtoa huduma afunge simu za nje kama hupigi nje, au akuwekee kikomo. Zile tarakimu sita za WhatsApp asisomewe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu.

Kampuni ikifunga duka?

Skype ilianza 2003, ikawa karibu jina lenyewe la kupiga simu kwa intaneti, na ikafungwa tarehe 5 Mei 2025. Kama kubwa lile lilifungwa, dogo litafungwa pia. Usinunue salio la mwaka mzima. Hakikisha kampuni ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Huko ndiko utakakopeleka lalamiko kama kampuni yenyewe imeshindwa kukusikiliza.

Nikiamua kuhama, nianzie wapi?

Funga ya intaneti bila kugusa ya waya. Ishi na zote mbili mwezi mzima. Karibu na simu weka daftari, uandike kila anayepiga laini ya zamani na kila mara ya mpya ilipogoma. Usiwategemee watu wa nyumbani kukumbuka, maana watakumbuka tu siku mbaya. Mwisho wa mwezi daftari litakuonyesha jina baada ya jina ni nani bado anakutafuta kwa 027: daktari wa Bombo, mwenye mashua wa Tongoni, somo yake mama aliye Pangani na hana simu ya kisasa. Wapigie hao mmoja mmoja uwape namba mpya. Ukishawamaliza, kata.

Kuna mtu mnayemshauri asihame?

Ndiyo. Mzee anayeishi peke yake na hakuna wa kumwangalizia betri. Zahanati isiyo na umeme wa akiba. Na yeyote ambaye daftari lake, baada ya mwezi, limejaa majina ya watu wasio na namba nyingine ya kumpata.

Nina simu ya zamani ya kuzungusha namba kwa kidole. Nitaitupa?

Usiitupe. Adapta nyingi hazielewi ile lugha ya mikatiko inayotoka kidole kinapoachia gurudumu, kwa hiyo huenda isiweze kupiga. Ilete tuipime. Ikishindwa kupiga, kwa kawaida kengele yake bado italia ukipigiwa, na ukinyanyua mkonga utaongea.